Shajara ya mradi: Taa mpya za mbele za Land Cruiser HZJ75, bila kuvunja sheria

Gari ni pikapu ya Land Cruiser HZJ75 yenye injini ya 1HZ na umeme wa volti 12, inayobeba nazi kutoka Kaloleni hadi soko la Kongowea mjini Mombasa, na sehemu kubwa ya safari hiyo hufanyika kabla ya alfajiri. Shajara hii imeandikwa kwa ajili ya mwenye gari kama hili, au gari lolote lenye taa za duara za inchi 7, anayetaka kuona mbali zaidi bila kuwapofusha wanaokuja mbele yake na bila kurudishwa siku ya ukaguzi. Nimetumia maneno ya madereva, dimu (mwanga wa chini, wa kupishana) na fulu (mwanga wa juu, wa mbali), kwa sababu ndiyo yanayosikika katika kila gereji.

8 Februari 2025: Hali ya mwanzo

Kabla ya kununua chochote nilipima. Injini ikiwa inanguruma, betri ilisoma volti 13.9, lakini kwenye soketi ya taa ya kushoto, dimu ikiwa imewashwa, zilifika volti 11.6 tu. Waya wa zamani, swichi ya usukani na kutu ya viungio vilikuwa vimekula zaidi ya volti mbili njiani. Balbu ya halojeni haisamehe jambo hilo, kwa maana mwanga wake hushuka kwa kasi kubwa kuliko volti: ukipungukiwa na asilimia 10 ya volti, unapoteza takriban asilimia 30 ya mwanga. Kwa hesabu hiyo, gari hili lilikuwa likitembea na nusu ya mwanga wake na ziada ndogo tu. Anayelalamika kuwa taa zake ni hafifu na aanze hapa, kabla hajafika dukani.

Upande wa sheria, mambo ninayojifunga nayo ni machache. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, katika kifungu cha 55, inakataza kutumia barabarani gari ambalo hali yake haitimizi masharti ya sheria hiyo na kanuni zake, na ukaguzi wa magari nchini hufuata kiwango cha KS 1515. Kenya tunaendesha upande wa kushoto. Kwa hiyo dimu inatakiwa iinue mwanga upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara na waendao kwa miguu, na ikae chini upande wa kulia anakotoka mwenzako. Taa nzuri ya nchi inayoendesha upande wa kulia ni taa mbaya hapa, hata kama ni mpya na imeuzwa kwa bei ya juu.

Mstari wa taa za LED uliokuwa juu ya kibanda, alioufunga mwenye gari wa kwanza na kuuunganisha na fulu, niliuondoa siku hiyo hiyo pamoja na waya zake. Hauna kazi katika barabara ya lami.

22 Februari 2025: Kufungua na kutu

Kazi ya kawaida: kutoa fremu ya mbele, kulegeza skrubu za pete, kutoa taa. Chumvi ya Pwani ndiyo iliyoifanya iwe ndefu. Skrubu mbili za pete zilikuwa zimeshikamana na bakuli la chuma, na mafuta ya kulegezea hayakufua dafu hata baada ya kulala nayo usiku kucha, ikabidi zitobolewe kwa drili. Bakuli la kulia lilikuwa limeoza pembeni mahali inapokaa skrubu ya kurekebishia mwanga, na hapo ndipo penye maana, kwa sababu skrubu hiyo isiposhika, taa hutikisika na marekebisho yote hayana kazi. Tulichomelea kipande cha bati, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukaweka skrubu za chuma cha pua. Gharama: shilingi 1,150.

15 Machi 2025: Relei, na waya zilizokuwa kinyume

Nilimkabidhi kazi fundi wa umeme wa magari huko Mwembe Tayari, naye kwa kuwa ni mwezi wa Ramadhani alipendelea kufanya kazi baada ya futari. Mpango ulikuwa relei mbili (swichi zinazoamrishwa kwa umeme mdogo), moja ya dimu na moja ya fulu, kila moja na fyuzi ya ampea 15, na waya mnene wa milimita mraba 4 kutoka betri. Swichi ya usukani ingebaki na kazi ya kuamrisha relei tu, bila kubeba mzigo wa balbu.

Alifunga kila kitu kwa unadhifu, akawasha, na hakuna kilichowaka. Relei hazikutoa hata ule mlio wake mdogo. Alibadilisha relei, akabadilisha fyuzi, akaanza kuilaumu swichi.

Chanzo ni utaratibu wa Toyota katika magari haya. Kwenye magari mengi, swichi hupeleka chanya kwenye dimu au fulu, na pini ya pamoja ya balbu huenda kwenye bodi. Katika Land Cruiser hii mambo yamegeuzwa: pini ya pamoja hupata chanya taa zinapowashwa, na swichi huunganisha dimu au fulu na hasi. Fundi alikuwa ameunganisha koili ya relei kati ya pini ya dimu na bodi, yaani kati ya hasi na hasi, na umeme hauna njia hapo.

Namna ya kujua ni rahisi na haihitaji kukisia. Toa balbu, washa dimu, weka mita ya umeme. Ukiweka ncha moja kwenye bodi na nyingine kwenye pini ya pamoja ukapata volti 12, na kati ya pini ya pamoja na pini ya dimu ukapata volti 12 vilevile, basi gari lako linaamrishwa kwa hasi. Miguu ya relei ina nambari, na 85 na 86 ndiyo ya koili. Tulihamisha mguu wa 86 wa kila relei hadi kwenye pini ya pamoja, na mguu wa 85 wa kila moja kwenye pini yake ya dimu au fulu. Mguu wa 30 ulipokea umeme wa betri kupitia fyuzi, mguu wa 87 ukaenda kwenye taa, na taa zikapewa hasi yake moja kwa moja kwenye bodi. Mahali pa hasi tulipasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukakaza bolti, kisha tukapaka vaselini ili unyevu usipaguse.

"Mzee, hii kitu ingenilaza hapa mpaka daku," fundi alisema, akaandika mchoro wake ndani ya kifuniko cha boksi la fyuzi kwa kalamu ya wino mzito. Nashauri kila mtu afanye hivyo.

Kwenye soketi sasa zilifika volti 13.5. Balbu zilezile za zamani, za wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, zilikuwa na mwanga mweupe zaidi na mkali zaidi bila kuongeza hata wati moja. Gharama: vifaa shilingi 3,400, ufundi shilingi 2,000. Katika mradi mzima, hakuna fedha iliyorudisha faida kama hii.

29 Machi 2025: Balbu za LED ndani ya taa za halojeni

Hizi ndizo zinazouzwa zaidi mjini. Boksi linasema lumeni 20,000 (kipimo cha wingi wa mwanga) na rangi ya kelvini 6,000. Kwa kulinganisha, balbu halali ya H4, yaani ya halojeni yenye nyuzi mbili, hukadiriwa lumeni 1,000 kwa dimu na 1,650 kwa fulu. Nilizinunua kwa shilingi 3,800 ili nione kwa macho yangu kile ninachokikataa.

Kipimo kilifanyika usiku mbele ya ukuta wa godauni Shimanzi, kwa idhini ya mwenyewe. Gari lilisimama kwenye sakafu tambarare, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo sawa. Katikati ya taa zangu pako karibu mita moja kutoka ardhini. Nikapiga mstari wa chaki katika kimo hicho hicho, na mwingine sentimita 15 chini yake. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 48 kuhusu ufungaji wa taa inaruhusu dimu ya taa yenye kimo hiki irekebishwe ikiwa imeinama kwa asilimia 1.5 hadi 2, na asilimia 1.5 ya mita 10 ni sentimita 15.

Kwa balbu ya halojeni, ukuta ulionyesha mpaka ulio wazi: giza juu, mwanga chini, na upande wa kushoto mpaka ukipanda kwa mshazari. Kwa balbu za LED mpaka huo ulivunjika. Palikuwa na mwanga mwingi, lakini doa kubwa lilikaa juu ya mstari wa kwanza upande wa kulia, yaani kwenye macho ya dereva anayekuja, na chini palikuwa na mistari miwili ya giza. Niliigeuza balbu kidogo kidogo kwenye pete yake, nikashusha taa kwa skrubu. Doa lilishuka, nao mwanga wa barabarani ukashuka pamoja nalo hadi karibu na bampa.

Sababu yake imo katika umbo. Ndani ya H4, uzi wa dimu ni mwembamba na umekaa juu ya kikombe kidogo cha chuma kinachouzuia kupiga nusu ya chini ya kiakisi. Kiakisi na kioo vimechorwa kwa ajili ya uzi huo, mahali hapo hapo. Vipande vya LED vimebandikwa pande mbili za ubao wenye unene wake, kwa hiyo chanzo cha mwanga kimehama, na kioo hakina habari. Kuhama kwa milimita moja au mbili ndani ya taa ni mita kadhaa barabarani. Juu ya hayo, redio ya FM ilianza kukwaruza kila taa zilipowaka. Nimezitoa. Sitamwuzia mtu.

Kwa hoja hiyo hiyo sikujaribu kifaa cha zenoni kwenye taa ya halojeni, wala balbu za wati 100 na 90 ambazo huyeyusha soketi na kuunguza kiakisi.

19 Aprili 2025: Taa kamili za LED, za bei nafuu

Hoja ya pili ya wauzaji ina nguvu kidogo: usibadilishe balbu, badilisha taa yote, ili chanzo cha mwanga na lenzi viwe vimechorwa pamoja. Ni kweli. Taa kamili ya LED iliyoidhinishwa ni kitu halali kabisa. Nilichukua jozi kwa shilingi 9,500 kwa sharti la kuzirudisha.

Ukutani mpaka wa mwanga ulikuwa mkali kama uliokatwa kwa wembe, lakini ngazi ya mwanga ilipanda upande wa kulia. Hizi ni taa zilizochorwa kwa magari ya Marekani, na huko wanaendesha upande wa kulia. Katika barabara kuu kutoka Mazeras kuelekea mjini, ambako malori ya kontena hupishana mstari kwa mstari, mwanga huo ungeingia kwenye kila kibanda kinachokuja. Hakuna skrubu ya kurekebisha hilo. Imo ndani ya lenzi.

Jambo hili lingeweza kujulikana dukani kwa kusoma maandishi yaliyo kwenye kioo, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu. Washa tochi ya simu, iweke ubavuni mwa lenzi ili maandishi yatoe kivuli. Tafuta herufi E ndani ya duara ikifuatwa na nambari ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani. Karibu nayo ziwepo herufi HCR, maana yake taa ya halojeni yenye dimu na fulu, na tarakimu za nambari ya idhini. Kisha tafuta mshale. Ukiwa umesimama mbele ya gari unaitazama taa, mshale unaoelekea mkono wako wa kulia ni taa ya nchi zinazoendesha kushoto, kama sisi. Mshale wenye ncha mbili unafaa pande zote. Taa isiyo na mshale ni ya nchi zinazoendesha kulia, na hapo ndipo wengi wanapoponzwa, kwa sababu kutokuwapo kwa alama hakumshtui mtu.

Taa zangu zilikuwa na neno DOT, ambalo huchapwa na mtengenezaji mwenyewe kujithibitisha kwa sheria ya Marekani, na herufi CE, ambazo si idhini ya taa za gari. Kulikuwa pia na E ndani ya duara bila nambari yoyote ya idhini, jambo ambalo kwa maoni yangu ni pambo. Duka lilizipokea na kukata shilingi 1,500.

10 Mei 2025: Taa za kioo za H4

Jozi ya LED yenye idhini kamili na mshale wa kulia niliipata kwa bei ya shilingi 34,000. Niliipima hoja hiyo na kuiacha. Taa ya LED ikifa Kaloleni saa kumi za usiku, imekufa yote, na jiwe moja la lori huondoka na shilingi 17,000. Balbu ya H4 inauzwa karibu kila kituo cha mafuta, na ya akiba inakaa kwenye kijisanduku cha dashibodi. Anayesafiri mjini tu, na fedha anazo, na achague LED hiyo, sina ugomvi naye.

Nilinunua taa mpya za kioo halisi, inchi 7, zenye E, nambari ya idhini, HCR na mshale unaoelekea kulia, kwa shilingi 7,200 jozi, na balbu mbili za H4 za wati 60 na 55 kwa shilingi 1,400. Kioo kina faida nyingine hapa Pwani: hakigeuki manjano kwa jua kama plastiki ya taa za kisasa. Ukutani mpaka ulitokea mara ya kwanza, ukipanda kushoto kama inavyotakiwa. Marekebisho yalifanywa taa moja moja, nyingine ikiwa imefunikwa kwa gunia.

31 Mei 2025: Maji ndani ya taa

Masika ilifanya ukaguzi wake. Baada ya mvua kubwa, taa ya kushoto ilikuwa na maji kimo cha kidole, na kiakisi kimeanza kupata ukungu. Kioo hakikuwa na ufa. Tatizo lilikuwa kofia ya mpira inayofunika nyuma ya balbu: ina kijitundu cha kutolea maji kinachopaswa kukaa chini, na iliyokuwa kushoto ilifungwa kichwa chini, kijitundu kikawa juu na kugeuka mfereji wa kuingizia. Mpira wenyewe una alama ya upande wa juu, lakini ilikuwa imefunikwa na vumbi. Nilinunua kofia mpya mbili kwa shilingi 600, nikaikausha taa kivulini ikiwa wazi, bila kuifuta ndani, maana kitambaa hukwaruza kiakisi na mkwaruzo hauponi.

14 Juni 2025: Mzigo

Hapa ndipo penye mtego ambao ukaguzi haupimi, kwa kuwa gari huenda huko likiwa tupu. Nilipima kimo cha matao ya matairi, mbele na nyuma, kabla na baada ya kupakia nazi. Nyuma iliinama sentimita 6 zaidi ya mbele. Umbali kati ya ekseli za HZJ75 ni milimita 2,980, kwa hiyo sentimita 6 ni mwinamo wa asilimia 2. Taa iliyorekebishwa vizuri, ikiinama asilimia 1.5, sasa inatazama juu kwa asilimia 0.5. Yaani taa halali kabisa asubuhi ya ukaguzi inawapofusha watu usiku huo huo, na dereva mwenyewe hajui kwa nini anamulikwa fulu na kila lori.

Kushusha taa peke yake hakutoshi, kwani gari likiwa tupu lingemulika matairi yake. Tuliongeza bamba moja kwenye springi za nyuma, shilingi 4,500 pamoja na ufundi, na kuinama kwa mzigo uleule kukapungua hadi sentimita 3, ambazo ni asilimia 1. Kisha nikarekebisha dimu kwa asilimia 2 gari likiwa tupu: sentimita 20 chini ya mstari, mita 10 kutoka ukutani. Likipakiwa hubaki asilimia 1. Katika barabara ya Kaloleni, kwa mara ya kwanza, nilipishana na magari yote bila hata mmoja kunipigia fulu.

5 Julai 2025: Ukaguzi na hesabu

Malipo kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, foleni, kisha mashine ya kupimia taa ikasogezwa mbele ya kila taa. Mkaguzi aliuliza kama balbu ni za LED, akainama kuangalia kioo, akaona mpaka wa mwanga ukiwa mahali pake. Gari lilipita.

Kilichobaki garini, yaani bati na skrubu, relei na ufundi wake, taa za kioo, balbu na kofia za mpira, kimegharimu shilingi 15,750. Springi ni shilingi 4,500. Majaribio yaliyoshindwa, balbu za LED na makato ya duka, ni shilingi 5,300. Jumla ni shilingi 25,550, na anayeifuata shajara hii anaweza kuziacha hizo 5,300 mfukoni.

Juu ya kila skrubu ya kurekebishia nimeweka tone la rangi nyeupe linaloshika skrubu na bakuli pamoja. Likipasuka, kuna mkono uliogusa, na gari linarudi ukutani. Fundi wa bodi atakayenyoosha bampa mwezi ujao ameshaonyeshwa matone hayo.